Jinsi ya kufaidi bendi za kopi baa na kasino: mwongozo kamili kwa mpenda muziki wa laivu

Kuna watu wakisikia bendi inapiga kopi wanaona kama wamepunjwa, wanasema hawa hawana nyimbo zao, wanaimba za watu, bora nibaki nyumbani nisikilize original kwenye simu. Mi naona hapo wanakosa kitu kikubwa. Bendi ya kopi ikiwa nzuri inakupa kitu ambacho simu haikupi, yaani wimbo unaoujua tangu utoto unatengenezwa upya mbele yako na watu watano sita, usiku huo tu, na ukirudi wiki ijayo wataupiga tofauti kidogo. Ila kufaidi kunataka ujue mambo kadhaa, siku gani utoke, ukae wapi, usikilize nini, uombe wimbo vipi, hela ya kutunza uitoeje, na ukiingia kasino kuna hesabu nyingine kabisa. Nitaongelea zaidi Dar manake ndo ninapopajua, ila watu wa Nairobi, Mombasa, Arusha na Mwanza mengi mtayatambua.

Kabla ya hatua zenyewe, toa dharau

Muziki wetu wa dansi wenyewe ulianza kwa kopi. Kuanzia miaka ya 1930 zilikuwa zinaingia Afrika santuri za Kikuba za mfululizo wa GV za kampuni ya HMV, watu wakazisikiliza mpaka wakazikariri, bendi zikazipiga kwenye kumbi, alafu polepole zikaanza kutunga za kwao kwa mapigo yale yale. Dar es Salaam Jazz Band ni ya 1932, Morogoro Jazz ni ya 1944, na pale pale Morogoro Salum Abdallah akaja na bendi akaiita kabisa Cuban Marimba, hakuficha kwamba mapenzi yake yako wapi. Hakuna mtu leo anayesema Salum Abdallah hakuwa msanii.

Alafu kuna nyimbo ambazo kopi ndo imezifikisha mbali. Shauri Yako ni ya Nguashi Timbo, lakini wengi wetu tunaijua kwa mkono wa Super Mazembe waliokuwa Nairobi. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William, ubishi wa nani hasa aliitunga mpaka leo haujaisha, ikaimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M, ikaimbwa na Angélique Kidjo, na kila bendi ya hoteli kuanzia Mombasa mpaka Zanzibar lazima iwe nayo. Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya 1982 nayo Boney M waliichukua. Kwaiyo ukimkuta kijana Sinza anapiga wimbo wa Marijani Rajabu, anafanya kazi ya zamani na ya heshima, na we unayemsikiliza una kazi yako pia.

Hatua ya kwanza: jua ni bendi ya aina gani unaiendea

Baa ikibandika bango kwamba leo kuna laivu bendi inaweza kuwa kitu chochote. Inaweza kuwa bendi kamili, ina gitaa la solo, la ridhimu, besi, drams, tumba, kinanda na waimbaji watatu wanne. Inaweza kuwa kikundi kidogo cha mahotelini, watu watatu au wanne, kinanda kinabeba nusu ya kazi na muimbaji wa kike anaimba taratibu watu wanakula. Inaweza kuwa mtu mmoja na kinanda chake. Kenya wana cha kwao, mugithi, mtu mmoja na gitaa la umeme anaunganisha nyimbo za watu moja baada ya nyingine bila kusimama mpaka ukumbi mzima umejipanga mstari unazunguka, na huyo mtu mmoja anaweza kukuchezesha kuliko bendi ya watu kumi.

Hakuna ubaya kwenye hizo zote, shida ni ukienda kutafuta sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza magitaa yakiwa yamechangamka, ukakuta muziki wa chakula cha jioni, au umemtoa mzazi wako mwende mkae mnaongea mkakuta spika zimeelekezwa usoni. Piga simu baa uliza, bendi ina watu wangapi, ina drams za kweli, inaanza saa ngapi, kuna kiingilio. Maswali manne tu na mhudumu yeyote anayajibu.

Kuna aina nyingine ya kuikwepa, ile ya kuweka flashi. Wimbo unapigwa na kompyuta, watu wamesimama na magitaa wanajifanya. Utawajua haraka, mpiga drams anajifuta jasho lakini sahani zinaendelea kulia, au besi inasikika wakati mpiga besi anaongea na mtu. Tofautisha na mtu wa kinanda cha Yamaha au Korg chenye mapigo ndani yake, huyo anapiga kweli, mkono wa kushoto ndo unakiamrisha kinanda kibadilishe sauti na ukikosea kinanda kizima kinakosea na wewe, ni ufundi unaotaka heshima yake.

Hatua ya pili: chagua siku kwa kuangalia unataka nini

Ukitaka kusikiliza, nenda katikati ya wiki, Jumatano au Alhamisi. Watu wachache, bendi imetulia, wanajaribu nyimbo mpya, na ukiomba wimbo unapigiwa. Ijumaa na Jumamosi ni za kucheza, ukumbi umejaa, bendi inapiga zile zinazojulikana tu, na sauti iko juu. Jumapili ni bonanza, inaanza jioni jua likiwa bado lipo, watu wanakuja na familia, nyama inachomwa, na saa nne tano watu wanaanza kurudi manake kesho kazini. Kama ndo mara ya kwanza na hujazoea mambo ya usiku, anza na bonanza.

Angalia na tarehe. Mwisho wa mwezi mishahara imeingia kila baa ina kelele, katikati ya mwezi ukumbi ni ule ule, bendi ile ile, na meza nzuri unaipata.

Hatua ya tatu: sikiliza original kabla hujatoka

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayobadilisha kila kitu. Huwezi kufaidi kopi kama hujui kilichokopiwa. Chagua nyimbo chache ambazo kila bendi inazo, zisikilize kwa headphone mchana ukiwa huna haraka. Kwa Bongo weka Neema ya Mlimani Park uisikilize sauti ya Cosmas Chidumule, weka Zuwena ya Marijani Rajabu, Shida ya Mbaraka Mwinshehe, Harusi ya Patrick Balisidya na Afro 70, Mary Maria ya Vijana Jazz. Kutoka Kenya weka Sina Makosa ya Les Wanyika, hiyo bila kuipiga bendi haijamaliza usiku. Kwa rumba la Kongo weka Mario ya Franco na TPOK Jazz ya 1985 na chochote cha Mbilia Bel akiwa na Tabu Ley. Kama unaenda hotelini au kasino ongeza Kenny Rogers na Dolly Parton, manake kantri hasa Kenya inapendwa mno na muimbaji wa kasino bila nyimbo mbili tatu za Kenny Rogers kibarua hakipati.

Ukisikiliza usiishie kwenye maneno. Hesabu magitaa mangapi yanalia. Sikiliza saksafoni na tarumbeta zinaingia wapi. Sikiliza wimbo unageuka wapi kutoka sehemu ya hadithi kwenda sehemu ya kucheza. Hivyo vitatu vikishakaa kichwani uko tayari.

Hatua ya nne: gawa hela kabla hujavaa viatu

Weka mafungu manne, kiingilio kama kipo, chakula na vinywaji, kutunza, na nauli ya kurudi. Nauli ifiche mbali na nyingine, au iache kwenye simu kabisa na namba ya dereva unayemjua. Fungu la kutunza livunje mapema liwe noti ndogo ndogo, za elfu moja, elfu mbili, elfu tano, manake ukifika na noti za elfu kumi tupu utajikuta ama hutunzi kabisa ama unatoa hela ambayo hukuipanga kwa sababu sebene imekolea na chenji haipo.

Uliza pia kama kinywaji bei inapanda bendi ikianza. Sehemu nyingi hakuna kiingilio ila bia na soda zinaongezeka bei usiku wa bendi, na mi naona ni haki, wale jukwaani lazima walipwe kutoka mahali. Kisichokuwa haki ni mteja kushtukizwa kwenye bili, kwaiyo uliza.

Hatua ya tano: fika mapema, kaa pazuri

Bango likisema saa mbili, bendi itaanza saa tatu, lakini we fika saa mbili hiyo hiyo. Utakuta wanajaribu vyombo, na hapo pekee unajifunza mengi, utaona nani anampa nani maelekezo, nani kiongozi wa bendi (mara nyingi sio muimbaji, ni mtu wa gitaa au kinanda aliyenyamaza pembeni), na utachagua meza.

Meza nzuri sio ya mbele kabisa chini ya spika. Pale utasikia besi kifuani na maneno hutayasikia. Tafuta sehemu ya katikati, hatua kumi hivi kutoka jukwaani, spika ya kushoto na ya kulia zikufikie sawasawa. Kama kuna fundi mitambo amekaa na mashine yake ukumbini, kaa karibu na yeye, manake anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe na kinachosikika alipokaa ndo alichokikusudia. Usikae karibu na jiko wala njia ya chooni, na usiupe mgongo mlango.

Hatua ya sita: sikiliza hivi

Hapa nataka tukae kidogo.

Bendi zetu hupanga usiku kwa raundi. Raundi ya kwanza ni ya kupasha, nyimbo taratibu, rumba laini, kantri, bolero, waimbaji wadogo wanapewa nafasi na muimbaji mkubwa bado hajapanda. Usiidharau hii raundi, ndo ya kusikia sauti za watu zikiwa safi bado hazijachoka na ukumbi haujapiga kelele. Raundi ya pili ni zilipendwa, kila mtu anaimba. Raundi ya tatu sebene, na hapo ukikuta mtu bado amekaa ujue ana dada yake anamsubiri nje au miguu inauma.

Sasa wimbo mmoja mmoja. Kitu cha kwanza cha kusikiliza ni jinsi walivyoupunguza. Original ya Sikinde, yaani Mlimani Park, ina magitaa kadhaa, saksafoni, tarumbeta, waimbaji wengi, bendi ya baa ina watu watano, kwaiyo lazima kuna vitu vimeachwa na vitu vimehamishwa. Tarumbeta imekwenda wapi? Mara nyingi imeenda kwenye kinanda, ila kuna bendi ambazo mpiga solo anaichukua ile sauti ya tarumbeta anaipiga kwa gitaa na hapo hapo anarudi kwenye kazi yake, na kuna bendi ambazo waimbaji wanaiimba kwa mdomo. Nikisikia bendi imepata njia yake ya kuziba lile pengo najua ina kichwa kinachofikiri.

Cha pili ni sauti za kiitikio. Mtu mmoja kuimba kama Bitchuka, yule muimbaji wa Sikinde, inawezekana, lakini watu watatu kushika sauti tatu tofauti zikae pamoja mwanzo mpaka mwisho wa kiitikio, hiyo inataka mazoezi ya mchana kweupe, na bendi isiyofanya mazoezi inaumbuka hapo. Funga macho wakati wa kiitikio. Ukisikia sauti zimekaa kama mtu mmoja, bendi hiyo ni nzuri, hata kama vyombo vyao vimechakaa.

Cha tatu, na hiki ndo utamu wote, ni pale wimbo unapogeuka. Nyimbo za dansi na rumba zina sehemu ya kwanza ya taratibu ya hadithi, alafu zinaingia kwenye sebene, Bongo wazee wanaita chemko. Mtazame muimbaji wakati beti la mwisho linaisha, ataangalia nyuma, au atainua mkono, au atapiga kelele moja tu, na papo hapo mpiga drams aliyekuwa anagonga ukingo wa ngoma taratibu anahamia kwenye haihati, zile sahani mbili zinazogongana, besi inaanza kuruka inaacha mapengo, na mpiga solo mkono wake wa kushoto uliokuwa kule mbali karibu na kichwa cha gitaa unapanda mpaka karibu na tumbo lake, kwenye zile sauti nyembamba, anashika kipande kifupi anakizungusha, anakizungusha, wewe unadhani atakiacha, anakizungusha tena alafu anabadilisha noti moja tu na ukumbi mzima unalipuka. Hiyo noti moja haiko kwenye original. Ni yake. Kila mpiga solo wa kopi ana sebene zake za kwake amezificha ndani ya nyimbo za watu, na ukianza kuzitambua utakuwa unaenda kumsikiliza yeye, sio wimbo.

Ridhimu naye usimsahau, hasikiki mpaka siku aache. Mwangalie mkono wa kulia, hausimami usiku mzima.

Na maneno je? Waimbaji wengi wa Dar wanaimba Kilingala walichokariri kwa sikio, wengine wanachanganya Kiswahili katikati, wanaweka jina la mtaa, jina la mteja. Kwangu hilo sio kosa. Linalonikera ni muimbaji anayesahau beti akaliruka kwenye wimbo wa Kiswahili, manake zile nyimbo ni hadithi, ukitoa beti la pili mtu hajui kwa nini bibie aliondoka.

Hatua ya saba: kuomba wimbo

Usimfuate muimbaji akiwa anaimba ukamnong'oneza sikioni. Andika kwenye kikaratasi jina la wimbo na aliyeimba, mpe mhudumu au mpe MC nyimbo mbili zikipishana, na uandike nyimbo mbili ili wakikosa moja wapige nyingine. Ambatanisha noti, sio lazima iwe kubwa, ni adabu tu.

Omba kitu kinachofanana na bendi. Bendi imekuwa inapiga nyimbo za bendi za zamani kama Msondo na Maquis saa nzima, usiombe wimbo wa bongo fleva uliotoka juzi ambao umetengenezwa wote kwa kompyuta, watajaribu kukuridhisha na utatoka vibaya, wataaibika wao na wewe. Kinyume chake, ukiomba wimbo mgumu wa zamani ambao hauombwi mara kwa mara, utaona wapiga vyombo wanaangaliana wanatabasamu, na huo ndo watakaoupiga kwa moyo kuliko zote usiku huo.

Kama ni bethidei au mmetoka na mzee anayestaafu, mwambie MC mapema, mpe jina lililoandikwa vizuri, na mwambie mtu mwenyewe anapenda bendi gani. Na maiki usiichukue. Hata kama unaimba vizuri subiri ualikwe.

Hatua ya nane: kutunza

Kutunza ni utamaduni wa pwani wa muda mrefu, kwenye taarabu watu wanainuka wanacheza polepole mpaka kwa muimbaji na noti mkononi, na kwenye dansi tumeurithi. Wakongo wao wana libanga, unalipia jina lako litajwe, na enzi za bendi ya Twanga Pepeta na mapedeshee, wale wenye hela wa kutunza ili watajwe, tuliyaona sana hapa mjini. We huhitaji kuwa pedeshee.

Subiri sehemu ya kucheza, usiende beti likiwa linaimbwa. Nenda unacheza, toa noti, kama ni mwanaume unamuwekea mfuko wa shati au mkononi, kama ni mwanamke mpe mkononi au weka kwenye sahani au boksi lililoko mbele ya jukwaa, usimwekee hela mwilini hata kama umeona wengine wanafanya, yule yuko kazini. Usirushe noti chini zikanyagwe. Alafu rudi kwenye nafasi yako, usibaki pale mbele umesimama unazuia watu.

Na tafadhali, mtunze mpiga besi. Mtunze mtu wa drams aliyejificha nyuma ya sahani zake. Hela zote zinaenda kwa muimbaji kwa sababu yuko mbele, bendi nyingine zinakusanya za jukwaani zote zinagawana mwisho wa usiku, nyingine kila mtu na chake, na wewe wa mezani hujui ni ipi. Ukipita nyuma ukampa mpiga ridhimu elfu mbili na ukamwambia umependa alichofanya kwenye wimbo fulani, atakukumbuka mwaka mzima.

Kucheza sina mengi. Rumba ya wawili, muombe mtu kwa adabu, akikataa rudi kakae na usiulize sababu. Sebene kila mtu na nafasi yake. Glasi iache mezani na mtu wako, na kinywaji ulichokiacha peke yake usikirudie, agiza kingine.

Ukienda kasino

Kasino ni ulimwengu wake. Lazima uwe na miaka 18 na kuendelea, beba kitambulisho, vaa viatu vya kufunika na shati, ukiwa na ndala na kaptula utaishia mlangoni. Bendi ya kasino huwa ndogo, inapiga kwa sauti ya chini manake kwenye meza watu lazima wasikizane na anayechezesha, na nyimbo ni mchanganyiko, kantri, soul, Malaika, salsa, kidogo rumba. Kwa kusikiliza sauti ya muimbaji ni sehemu nzuri kuliko baa nyingi. Wanamuziki wa huko wamepikwa, wengi wamepita kwenye mikataba ya mahoteli ya Dubai, Muscat na Bahrain ambako unapiga usiku sita kwa wiki kwa wageni wa kila taifa, mara nyingi ukishindana na bendi za Wafilipino ambao kwa kopi ni mabingwa.

Sasa hesabu. Pale ndani muziki unaonekana wa bure, kiingilio hakuna, ila bendi inalipwa na meza za kamari. Chukua ruleti ya Kizungu, lile gurudumu la namba linalozungushwa na kipira, ina namba 37, nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka kwenye nyekundu ikatoka unaongezewa hela sawa na uliyoweka, lakini nafasi yako ni 18 kati ya 37, ile sifuri ndo ya mwenye nyumba, na inampa wastani wa asilimia 2.7 ya kila hela inayowekwa. Ukiweka elfu tano kila mzunguko, na mizunguko ikawa 40 kwa saa, umepitisha mezani laki mbili, na kwa wastani wa muda mrefu unaacha kama 5,400 kila saa. Usiku mmoja unaweza kushinda au kupoteza zaidi sana ya hapo, ila ukirudi rudi, wastani unakukuta. Ruleti yenye sifuri mbili inakula karibu mara mbili, asilimia 5.26, ikwepe.

Ushauri wangu wa wazi ni kwamba ukienda kwa ajili ya bendi usicheze kabisa. Agiza kinywaji chako, kaa upande wa baa unaotazama jukwaa, lipa bili, tunza. Kama unataka kujaribu, badilisha kiasi kimoja kuwa chipsi kabla bendi haijaanza, kadi ya benki iache nyumbani, na zikiisha zimeisha. Usifuate hela iliyopotea hata siku moja, ni hapo watu wanapoachia kodi ya nyumba. Na angalia bendi ikienda mapumziko, hapo ndo watu wengi wanainuka kwenda kwenye mashine kwa sababu hawana cha kufanya. We tumia hiyo dakika ishirini kwenda nje kupata hewa au kumsalimia mpiga kinanda. Picha upande wa meza usipige, walinzi watakufuata, upande wa jukwaa uliza kwanza.

Masikio na simu

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki, ikifika 90 saa nne tu, na ikifika 100 ni kama dakika 20 kwa wiki nzima. Ukumbi wa sebene unafika 100 bila shida. Kwaiyo ukiona lazima upige kelele ili mtu wa mita moja akusikie, rudi nyuma, au weka vile vizibo vidogo vya masikio vya dukani, ni rahisi na muziki bado unausikia. Kila saa toka nje dakika kumi. Ukirudi nyumbani masikio yanalia ujue ulikaa karibu mno.

Simu rekodi wimbo mmoja, uweke mfukoni. Ukiwapandisha mtandaoni taja jina la bendi na siku wanayopiga hapo, hiyo ni hela kwao. Na mwenye baa, kupiga nyimbo za watu hadharani kuna leseni ya hakimiliki, hapa Tanzania ipo kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, ilipe, wale wazee waliotunga Zuwena na Neema wana familia.

Ukishaipenda bendi

Muulize kiongozi wao ratiba ya wiki nzima, manake bendi hiyo hiyo Jumatano inaweza kuwa kwenye baa ya mtaani, Ijumaa hotelini na jukwaa lake la kasino Jumamosi, na mi kwa kawaida namshauri mtu awaone mtaani kwanza, ndo wanapopiga wakiwa huru. Chukua namba, siku ukiwa na harusi au kipaimara uwaite moja kwa moja bila dalali. Wakibadilisha mpiga solo nenda tena kabla hujaamua, inaweza kuwa bendi nyingine kabisa kwa jina lile lile. Na mwezi wa Ramadhani bendi nyingi za Dar zinapumzika au zinajifungia mazoezini, alafu Idd Mosi na Idd Pili zinatoka na nyimbo mpya na nguo mpya, meza zinaisha mapema, kwaiyo agiza yako wiki moja kabla na uulize kabisa nani anapanda raundi ya kwanza.